Siku moja maishani mwangu: dukani kwa pembejeo, Moshi

Saa 1:30 asubuhi nafungua duka. Chai na chapati mbili kutoka kwa mama lishe wa jirani, nafuta vumbi kwenye chupa.

Saa 2:15 anaingia babu mmoja wa Uru na chupa tupu ya glaifoseti, dawa ya kuua magugu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umeniuzia maji."

Alipulizia nyasi za sangari Jumamosi, leo Alhamisi bado ni kijani. Siku hizi kila kisichoua papo hapo ni feki. Namvutia stuli.

Dawa hii haichomi, babu. Inaingia kwenye jani, inashuka hadi mizizini, na ndani ya mmea inakiziba kimeng'enya kimoja kiitwacho EPSPS. Kimeng'enya ni protini yenye kazi yake maalumu. Hiki kikizibwa, mmea hauwezi kutengeneza asidi amino tatu: fenilalanini, tairosini na triptofani. Bila hizo hakuna protini mpya. Za zamani zinaendelea na kazi kwa siku kadhaa, kama mimi nikikwama kupata mzigo mpya: nauza kilichopo stoo, ukipita nje utadhani mambo safi. Unjano huanzia majani machanga, na kufa kunachukua wiki moja mpaka mbili.

"Na mimi, hicho kitu ninacho?"

Hana, binadamu hatuna. Ila glavu avae.

Halafu namuuliza maji alichota wapi. Mfongoni, yaani kwenye mfereji, baada ya mvua, yakiwa na tope. Hapo nakuna kichwa, maana glaifoseti ikikutana na udongo hunata humo, nguvu inapungua. Anaondoka amenuna.

Saa 5 mpaka saa 9 ni mbolea, mbegu, na watu wa kuomba chenji.

Saa 9:20 dada mmoja analeta tawi la nyanya. Majani yamejisokota, membamba kama kamba. Anataka dawa ya virusi. Naomba nione bomba lake la kupulizia, nafungua mfuniko, nanusa: 2,4-D, dawa ya magugu ya kwenye mahindi, bado inanuka. Hii hujifanya oksini, homoni ya ukuaji. Inanasa kwenye protini ya kuipokea, kisha zile protini za kushika breki zinavunjwa, mmea unakua ovyo hadi unajimaliza. Mahindi huvumilia, ila nyanya haivumilii hata tone. Sikumuuzia kitu. Bosi hajui.

Saa 12:10 jioni, nashusha shata, simu inaita. Ni babu.

"Ulisema unjano unaanzia wapi?"

"Majani machanga."

"Basi nimeona mawili."

Akakata.