Siku moja maishani mwangu: mikokoteni ya dagaa na wacheza kamari wa Broadway

Saa 10 alfajiri

Wiki hii ni giza. Mtu wa dagaa akisikia neno hilo anajua hakuna kulala: mwezi haupo, taa za wavuvi zinawaka ziwani usiku kucha, chanja za kuanikia visiwani zimejaa, na mzigo unashuka Mwaloni Kirumba, soko letu la samaki Mwanza, mfululizo. Mbalamwezi ikirudi ndiyo tutafua nguo.

Nimefungua simu nikakuta ujumbe wa mtoto wa kaka yangu, ameutuma saa 7 usiku. "Shangazi, shikamoo. Usisahau mikokoteni minne." Hakuna habari za nyumbani wala za afya. Vijana wa sanaa hao.

Saa 12 asubuhi

Boti ya Ukerewe imefunga. Ukitaka dagaa wazuri usitazame juu ya gunia, maana juu kila gunia ni zuri. Ingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, chota za chini, zisugue kiganjani. Mchanga ukibaki, hiyo ni ya kuanikwa ufukweni, na mteja wangu wa Kongo hataki kuisikia. Nataka ya chanja, inayong'aa, inayolia ukiimimina.

Na hapo unachota huku unasukumwa. Mwaloni husimami, unasimamishwa. Nyuma yako kuna kuli na gunia kichwani, kushoto mkokoteni, kulia mama mwenzako anayetaka gunia lile lile, na juu ya yote sauti moja: "Pisha! Pisha mzigo!" Miaka kumi na moja sasa naisikia. Mwili unapisha kabla akili haijaelewa.

Magunia sita, tumemalizana.

Saa 4

Sasa mikokoteni. Niwaeleze kwanza ni ya nini, maana wenye mikokoteni nao waliuliza.

Kuna mchezo wa kuigiza wa nyimbo wa Wamarekani, unaitwa Guys and Dolls. Ulianza Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, mwaka 1950, nyimbo alitunga Frank Loesser, na wahusika walitokana na hadithi fupi za Damon Runyon kuhusu wahuni wa New York. Nathan Detroit anatafuta mahali pa kuchezeshea kamari, mwenye gereji anataka dola 1,000 mkononi, Nathan hana. Basi anaweka dau na mcheza kamari mkubwa, Sky Masterson, kwamba hawezi kumpeleka Havana, Kuba, binti mmoja wa misheni, Sarah, anayehubiri barabarani. Huku nyumbani Nathan ana mchumba, Adelaide, wamechumbiana miaka 14 bila ndoa mpaka dada wa watu amepata mafua yasiyopona. (Hapo nilimwambia mtoto wa kaka, huyo Nathan namjua, ana duka Pasiansi.)

Mwaka 2023, ukumbi wa Bridge Theatre wa London uliurudisha kwa namna nyingine, chini ya mwongozaji Nicholas Hytner. Waliong'oa viti vya chini. Watazamaji wanasimama katikati, sakafu yenyewe inapanda vipande vipande na kuwa jukwaa, wachezaji wanatokea mgongoni mwako, na wasaidizi waliovaa sare za polisi wa New York wanakusogeza ili usibanwe. Uliendelea hadi Januari 2025. Kijana wetu aliona vipande vyake kwenye simu, akawaambia wenzake: sakafu inayopanda hatuna, lakini shangazi yangu yupo Mwaloni.

Mzee mwenye mikokoteni amenisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo watacheza juu yake."

"Ndiyo, baba."

"Watairudisha na magurudumu au bila?"

Tumekubaliana shilingi 10,000 kila mmoja, irudi kabla ya saa 9 usiku mzigo haujaanza, na ukivunjika anayedaiwa ni mimi. Ndivyo nilivyokuwa mdhamini wa sanaa.

Saa 8 mchana

Ugali na sato kwa mama lishe. Tumeosha mikokoteni kwa sabuni ya unga na maji ya ziwa. Harufu haikutoka.

Saa 11 jioni

Kuli wanne wameisukuma hadi godauni walilopewa vijana, na walipoambiwa kuingia kwao ni bure hawakuondoka. Ndani bati linawaka kama kikaango. Ukutani wamebandika maboksi yenye rangi kuwa maghorofa ya New York. Hakuna kiti hata kimoja. Mama mmoja aliyekuja na kitenge kipya na viatu virefu amezunguka godauni zima akitafuta kiti, akarudi kwangu: "Dada, VIP ni wapi?" Nikamwambia avue viatu.

Saa 1 usiku

Taa zimezimwa, na kitu cha kwanza kusikika New York ni sauti ninayoijua: "Pisha! Pisha mzigo!" Vijana wenye kofia za polisi wanasukuma mkokoteni ndani ya umati, juu yake wacheza kamari watatu wanaimba. Nimepisha. Pembeni yangu watu walikanyagana, lakini sisi wa Mwaloni, mimi na wale kuli, tulijua njia itafunguka wapi kabla ya polisi wenyewe. Mkokoteni ukija kulia, wa pili utakuja kushoto, maana mbele hakuna pa kugeuzia. Mara moja kuli mmoja alisahau kwamba ni mtazamaji, akamnyang'anya polisi mpini: "Siyo hivyo, mwanangu, utaua mtu." Aligeuza vizuri. Akapigiwa makofi kuliko Sky Masterson.

Babu yangu angeona haya si mageni. Usukumani, ngoma za Bagika na Bagalu, makundi mawili yanayoshindana, zinapiga kwa wakati mmoja uwanjani, na watu wanaamua kwa miguu: kundi lililovuta umati mkubwa ndilo limeshinda. Sijui nani alituletea viti.

Katikati ya vurugu Nathan Detroit amenifikia, jasho linamtoka, polisi wanakuja, akanisukumia burungutu la noti zao za karatasi zilizochorwa kofia. "Mama, nishikie! Elfu moja kamili, noti kumi!" Mimi pesa siishiki bila kuihesabu. Nikahesabu.

"Ziko tisa."

Godauni lote likaangua kicheko. Kijana akaganda sekunde moja, kisha akawageukia wenzake: "Nani kala mia ya mama?" Tangu hapo, kila wimbo ukiisha, alikuwa anamkagua mtu mifuko.

Havana wameigeuza Nansio. Sky anampandisha Sarah meli ya Ukerewe, na huko anamnywesha pombe. Nilicheka, ila Wakerewe waliokuwepo hawakucheka, mmoja alisema kwa sauti, "Kwetu tunalewesha watoto wa watu?" Kwaya ya misheni sikuisikia vizuri, bati lilimeza sauti. Wangetumia ngoma.

Sasa ule wimbo wa boti.

Karibu na mwisho, mcheza kamari mmoja mnene anasimama misheni kutubu, akasimulia ndoto: yuko ndani ya boti iendayo mbinguni, yeye kasimama na chupa, na abiria wote wanampigia kelele akae, anaitikisa. Ni wimbo wa kuchekesha. Nilikuwa nimeonyeshwa kwenye simu, Wazungu wanauchezea kwa furaha. Hapa walitia mkokoteni mmoja katikati, watu kumi juu, wakaanza kuuyumbisha kulia, kushoto, na polisi wakatuashiria tuimbe nao.

Hakuna aliyeimba. Mzee aliyekuwa mbele yangu alisema tu, "Kaeni, jamani. Kaeni." Hakuwa anaigiza.

Wachezaji wote wamezaliwa baada ya 1996. Tarehe 21 Mei mwaka ule meli ya MV Bukoba ilipinduka ziwani ikija Mwanza, na mama mdogo alikuwemo. Makaburini Igoma wamezikwa wengi, ukipita na daladala unaona. Hata wao walikuwa wakubwa wa kutosha 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara. Sidhani kama walifikiri. Mazoezini walikuwa kumi, wanacheka. Tulipojaa mia mbili ndani, tumebanana, bati linanguruma na mkokoteni unalala upande, ndipo wimbo ulipogeuka.

Mnene yule aliona. Alikuwa anatutazama, tuko hatua moja kutoka kwake, si gizani huko mbali. Akashusha sauti, akaacha kuruka, akaimba kiitikio taratibu mkono ukiwa begani kwa yule mzee. Wenzake wakakaa mmoja mmoja. Mkokoteni ukatulia. Mara ya tatu kiitikio kilipokuja umati ulikiitikia, polepole kama wimbo wa matanga, na yule mama wa kitenge kipya alikuwa analia huku kashika viatu. Kisha mtu akapiga kigelegele, mnene akaruka tena, na kicheko kikatoka chote kwa pamoja.

Katika maandishi ya Wamarekani hicho kitu hakimo.

Saa 6 usiku

Mikokoteni imerudi. Mzee ameizungukia na tochi. Tairi moja limepungua upepo, kanitazama, nikalipa.

Saa 7 usiku

Nimeketi kitandani kuhesabu mauzo. Nimefungua kibindo, na kati ya noti za elfu kumi kumi nikakuta karatasi ya kaki iliyochorwa kofia. Nikaipiga picha, nikamtumia mtoto wa kaka yangu.

Amejibu hapo hapo: "Shangazi! Tumempekua mpaka mpiga gitaa."