Februari Niliyokosa Siku Zangu

Juzi mtoto wa kaka yangu, yule anayesoma Njoro, aliniandikia usiku wa manane: "Shangazi, siku zinaweza kuchelewa hata kama mtu hana mimba?" Nilimpigia simu papo hapo. Nilimweleza kwamba zinaweza, kwamba kwa mtu mzima mzunguko wa siku 21 hadi 35 ni wa kawaida, na kwamba ugonjwa, wasiwasi wa mitihani, kukonda ghafla au vidonge vya dharura vya kuzuia mimba huweza kuusogeza. Nilimwambia pia kwamba kama amekutana na mwanamume, asikae akikisia. Anunue kipimo kwenye duka la dawa, atumie mkojo wa asubuhi, na kikionyesha hana mimba ilhali damu bado haijaja, arudie baada ya wiki moja. Alitulia, akalala. Mimi ndiye niliyekesha, kwa sababu swali hilohilo niliwahi kuliuliza ndani ya hema la zahanati, Nakuru, mwaka wa 2008.

Tulikuwa tumefukuzwa nyumbani kwetu Kaptembwa, mtaa wa Nakuru, na ghasia za kikabila zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Zilipotutenganisha mwishoni mwa Januari, mchumba wangu alijihifadhi katika uwanja wa Afraha pamoja na watu wa kwao, kisha akapanda basi la kwenda Kisumu, nami na mama tukapewa hema katika uwanja wa maonyesho ya kilimo. Siku zangu, zilizopaswa kuja mwanzoni mwa Februari, hazikuja. Nilianza kusikia kichefuchefu kila maharagwe yalipochemshwa, nikawa nachoka kabla ya saa sita, na kila nilichokisikia mwilini nilikitia katika hesabu moja.

Kambini jambo kama hilo halifichiki. Vitambaa vya hedhi vilianikwa kwenye kamba za mahema, vimefunikwa kwa leso, na mama, ambaye hakuwahi kunitajia mambo hayo tangu nilipovunja ungo, alianza kuitazama kamba yetu kila asubuhi. Siku moja alisema bila kugeuka, "Mwanangu, mwezi huu hujaanika kitu." Nilielewa kwamba anauliza mambo mawili kwa pamoja: kama nina mimba, na mtoto huyo angeitwa wa nani, wakati ambapo jina la ukoo pekee lilitosha kumfanya mtu achomewe nyumba. Sikumjibu, naye hakurudia.

Nilikwenda kwa sista, muuguzi wa zahanati ya kambi, alasiri ya Alhamisi, tarehe 28 Februari. Siwezi kuisahau tarehe hiyo, kwa kuwa kila redio kambini ilikuwa imefunguliwa: Mwai Kibaki na Raila Odinga walikuwa wakitia sahihi mkataba wa kugawana mamlaka kule Nairobi, baada ya mazungumzo yaliyoongozwa na Kofi Annan. Sista alinipa kikombe kilichokuwa kitako cha chupa ya maji, kimekatwa kwa wembe, na ukingo wake ulinikwaruza kidole. Nilitoka nacho hadi chooni, nikarudi nacho nimekifunika kwa leso, nikipita katikati ya wanaume waliokuwa wameinamia redio wala hawakuniona.

Alikichovya kipimo, kile kikaratasi chembamba, ncha yenye mishale ikielekea chini, akahakikisha kwamba mkojo haupiti alama, kisha akakilaza juu ya pakiti ya shashi na kuitazama saa ya mkononi. Unyevu ulipanda polepole, ukiacha wekundu hafifu nyuma yake. Mstari wa kwanza ulitokea mara moja, ule unaoonyesha kwamba kipimo chenyewe ni kizima. Chini yake palikuwa peupe. Tuliinama sote wawili. Nilipatazama mahali pale hadi macho yakaanza kuniundia mstari usiokuwapo, nikayafumba, nikayafumbua tena. Katika muda ule mfupi nilikwisha kuhesabu hadi Oktoba, nikamwona mtoto ana paji la uso la baba yake, nikamwona mama akimpokea, na nikamwona mama akikataa kumpokea. Nje mtu alipaza sauti kwamba wameshatia sahihi. Watu wengine walishangilia, wengine walianza kulia, na sista hakuinua kichwa.

"Binti yangu, mstari ni mmoja," alisema hatimaye.

Ndipo nilipomuuliza siku zangu zimekwenda wapi. Alivuta kiti na kuniketisha, jambo ambalo hakulazimika kulifanya na foleni ile mlangoni. Alisema mtu akiishi kwa hofu, akala kidogo na kulala vibaya, ubongo hupunguza maagizo yake kwa mayai, yai likakawia kupevuka au lisipevuke kabisa. Tangu yai litoke hadi damu ije ni takriban wiki mbili, na muda huo haubadiliki sana. Kinachorefuka ni kulingoja yai lenyewe. "Si wewe peke yako hapa," alisema. "Rudi wiki ijayo tupime tena. Ikifika miezi mitatu bila kuona chochote, usingoje, uende hospitali." Nilirudi, nikapima, mstari ukawa mmoja tena.

Nilipomweleza mama, alishukuru Mungu kwa sauti, akaendelea kuchambua mchele. Baada ya muda nilimwona akijifuta macho kwa upindo wa leso, na sikuthubutu kumuuliza kilichomliza.

Damu ilikuja Aprili, nikiwa kwenye foleni ya maji, nzito na yenye maumivu makali. Jirani wa hema la pili alinifunga leso yake kiunoni, akanishikia nafasi.

Mchumba wangu, ambaye sasa ni baba watoto, nilimwona tena Kisumu mwezi wa Agosti. Nilimsimulia yote tukiwa kituo cha basi, kabla hata hatujaondoa mizigo. Aliniuliza kama nilifurahi mstari ulipokuwa mmoja. Nilimjibu kwamba nilifurahi, na hiyo ni kweli. Lakini wakati sista anatamka maneno yale nilikuwa bado namtazama yule mtoto wa Oktoba, na hilo nalo ni kweli. Sijapata namna ya kuyasema yote mawili kwa pamoja.