Taa ya Caps Lock

Jumamosi, usiku wa manane.

Ile flashi ya kusakinisha Linux kwenye kompyuta yangu nimeiandika upya mara tatu leo. Mara ya kwanza nilishuku faili la ISO (nakala ya mfumo inayoandikwa kwenye flashi) limeharibika wakati wa kupakua, nikakagua hashi yake ya SHA256, alama inayobadilika faili likibadilika, ikalingana herufi kwa herufi. Bado nikapakua tena! Hilo ndilo linaloniudhi: ushahidi nilikuwa nao mkononi, nikaukataa kwa sababu sikuwa na mshukiwa mwingine.

Hali yenyewe ilikuwa hivi. Menyu ya GRUB, programu inayouwasha mfumo, inatokea, nachagua kusakinisha, nembo inazunguka kidogo, kisha pale inapotakiwa kuingia kwenye sura ya madirisha, giza. Feni inavuma tu. Nilisubiri dakika 20 nikijidanganya kwamba flashi ni nzito.

Hasira ndizo zilizonisaidia. Nilipiga Caps Lock, taa yake ikawaka. Nikapiga tena, ikazimika. Kumbe kerneli, kiini cha mfumo, i hai na inanisikia! Kilichokufa ni skrini, na mimi muda wote nilikuwa nikiomboleza mashine nzima.

Ctrl+Alt+F2, ya kufungua skrini ya maandishi, haikunipa kitu, giza lilelile. Nikawasha upya, na kwenye GRUB nikabonyeza herufi e. Katika mstari unaoanza na neno linux niliyafuta maneno quiet na splash ili nione kinachoendelea nyuma ya nembo, nikabonyeza F10 ili iendelee kuwaka. Maandishi yakamiminika, yakakatika ghafla pale draiva ya kadi ya michoro, yaani programu inayoiendesha kadi hiyo, ilipoamka.

Hapo nikakumbuka nomodeset. Zamani kazi ya kupanga ukubwa wa picha kwenye skrini ilikuwa ya X, programu ya kuchora madirisha. Kuanzia toleo 2.6.29 la mwaka 2009, kerneli yenyewe ikaanza kuichukua, mapema kabisa mashine inapowaka. Draiva ikikosea hapo, hata dirisha la kusomea kosa hulipati. Neno hilo moja huiambia kerneli iache kupanga, itumie picha iliyokwisha kuandaliwa na firmware, programu iliyomo ndani ya mashine yenyewe.

Nikaliongeza mwishoni mwa mstari, F10, na kisakinishi kikafunguka. Kusakinisha kwenyewe hakuna la kusimulia.

Ila nomodeset ni gongo la kuchechemelea. Mfumo mpya uliwaka kwa 1024×768, herufi zimenenepa, na video zikaitesa CPU, kichakataji kikuu. Kisakinishi kilikuwa kimelibeba neno hilo hadi ndani ya /etc/default/grub, faili la mipangilio ya GRUB. Nimeweka draiva inayoifaa kadi hii, nikalifuta neno hilo, nikaendesha sudo update-grub ili GRUB ipokee badiliko, kisha nikawasha upya kidole kikiwa juu ya Caps Lock.

Picha imekuja, kali na kamili. Skrini ya pili, ya HDMI, bado haionekani. Hiyo ni ya kesho.