Ng'ombe 12 na kilo 2 za sukari

Jana pale Igoma lori la ng'ombe lilisimama mbele ya daladala yetu, harufu ya mavi mabichi ikatujaa. Mwanangu akaziba pua, kisha akauliza: "Mama, hivi mama mkubwa aliolewa kwa ng'ombe wangapi?"

12.

Ilikuwa 1997, mwaka mmoja baada ya MV Bukoba kuzama, kule nyumbani Magu. Dada alikuwa na miaka 15, amemaliza darasa la saba na hakuchaguliwa kwenda sekondari. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mwaloni, wanawake wakianua dagaa, mama aliulizwa binti anangoja nini. Kilabuni wazee walimwambia baba nyumba yake inavuja ilhali mabati yanatembea uani. Wengine walimtisha: akizalia nyumbani, ng'ombe watapungua. Baba hakuwa na tamaa, alikuwa na deni. Baba mdogo alimwazima maksai wawili na plau msimu mzima, na kijana wa baba mdogo alikuwa anatafuta mahari.

Mshenga alikuja na kilo 2 za sukari na majani ya chai. Baba akamwambia, "Subirini kwanza." Nafikiri moyoni aliona amekataa. Lakini sukari ilikwishapokelewa, ikapikiwa chai, mshenga akanywa. Kwa watu wetu mlango huo umefunguliwa. Mwenye kukataa huirudisha sukari siku ile ile, mfuko haujafunguliwa.

Siku ya kuhesabu naiona hadi leo. Boma letu lilizungushiwa minyaa, na mlangoni magogo yaliondolewa moja moja ili ng'ombe wapite kwa zamu. Baba mkubwa alishika kibuyu. Kila ng'ombe akiingia, anadondosha punje ya hindi. Kisha ukaguzi. Walimkaba ng'ombe pembe, wakamfungua mdomo, wakatazama meno kujua umri wake. Mitamba walipapaswa nyonga. Majike walikamuliwa chuchu zote nne, na wa saba akakutwa na chuchu moja iliyoziba. Mabishano ya chuchu hiyo yalichukua mpaka jua la utosi, hadi upande wa pili ukakubali kumbadilisha. Muda wote huo dada alikuwa jikoni, anapepeta mchele wa wageni. Nilisikia ungo wake kila watu waliponyamaza. Umri wa kila ng'ombe ulijulikana kwa meno yake, na hakuna aliyeuliza umri wa dada.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Mama alikwenda kimyakimya kwa kiongozi mmoja, akajibiwa kwamba miaka 15 inatosha baba akiridhia. Kwa sheria hakudanganywa: Sheria ya Ndoa ya 1971, vifungu vya 13 na 17, iliruhusu hivyo. Mahakama Kuu ilikuja kusema vifungu hivyo vinakiuka Katiba mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo 2019. Dada alikuwa tayari na wajukuu.

Mama akabakiwa na njia moja, kurudisha mahari. Na mahari hurudi yote. Mitamba 3 walikuwa wameshakwenda kwa baba mdogo, na kutoka kwake wakaenda kwa wakwe wa kijana wake, ambako nako walishagawanywa. Dume mmoja alikuwa ameuzwa, mabati yako juu ya paa. Mama alisimama mlangoni mwa boma jioni, ng'ombe wakirudi kutoka kunywa maji ziwani, akahesabu mara mbili. Walikuwa 8. Hakusema kitu, akaingia ndani kumfungia dada kanga zake.

Daladala ilipoondoka, mwanangu hakuwa amemaliza. "Kwani babu hakuweza kusema hapana tu?"

Sikuwa na jibu fupi. Nikaanza kumsimulia habari ya sukari.