Thumni, Leso na Hesabu za Binti Yangu

Mimi ni fundi wa cherehani hapa Majengo, Mombasa, na kwa zaidi ya miaka 10 nimekuwa nikipima na kukata vitambaa bila kufikiri kwamba ninachofanya ni hesabu. Nililitambua hilo binti yangu alipokuwa Gredi ya 4, siku aliporudi na daftari lililojaa wino mwekundu, akiwa ameandika kwamba 1/8 ni kubwa kuliko 1/4. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kana kwamba mimi ndiye nisiyejua: "Mama, kwani nane si kubwa kuliko nne?"

Nakiri kwamba nilianza vibaya. Kila usiku, akisharudi chuoni, yaani madrasa, na kula, nilimketisha, nikachukua kalamu mimi na kumwonyesha njia niliyofundishwa utotoni, ya kuzidisha nambari ya juu ya huku kwa nambari ya chini ya kule. Majibu yalitoka sahihi nami nikaridhika, lakini akiwa peke yake darasani alirudia kosa lile lile, na safari hii kwa woga, kwa kuwa nilikuwa na tabia ya kupandisha sauti. Mwalimu wake, nilipokwenda kumwona, hakunilaumu, ila aliniomba jambo lililoniwia gumu kuliko nilivyodhani: "Mama, usimpe jibu. Mwulize amejuaje, kisha umsikilize mpaka amalize."

Kumsikiliza ndiko kulikonionyesha tatizo. Shuleni maneno yote ya hesabu za sehemu, kama hizo 1/4 na 1/8, yalikuwa ya Kiingereza, naye aliyakariri kama majina ya watu asiopata kuwaona, ilhali nyumbani hutumwa dukani kununua robo ya sukari na nusu ya mchele, wala hajawahi kukosea. Hakujua kwamba ni kitu kimoja.

Jumamosi moja nilitoa leso kuukuu, upande mmoja, nikamwambia aikunje katikati, kisha tena, kisha tena, na kila mara anieleze amepata vipande vingapi na kipi kikubwa. Mkunjo wa tatu ulipompa vipande vinane, alikitazama kimoja kwa muda, akasema: "Kumbe vikizidi kuwa vingi, kila kimoja kinakuwa kidogo." Nilijizuia nisiongeze neno. Baadaye tulichukua tepu yangu ya kupimia, akaona mwenyewe jinsi inchi moja ilivyogawanywa mara nane, na kwamba alama ya pili inaangukia penye robo.

Nyanya yake alikuwa kando akichagua mchele. "Hiyo moja ya nane ndiyo thumni, mke mwenzangu," alimtania mjukuu wake, kisha akamsimulia kwamba babu alipofariki, yeye akiwa mjane mwenye watoto, fungu lake katika mirathi ya Kiislamu lilikuwa thumni, na lau wasingekuwapo watoto angepata robo. Mtoto hakuuliza ipi kubwa, aliigeukia leso. (Tatizo ni kwamba nyanya huyo huyo huiita thumni sarafu ya senti 50, ambayo ni nusu ya shilingi, na kumtoa binti yangu katika utata huo kulitugharimu jioni nzima.)

Tangu hapo hatuketi zaidi ya dakika 20, na kalamu haitoki mkononi mwake.

Juzi alimuuliza nyanya yake: mtu akiacha watoto na wake wawili, kila mke hupata thumni? Akajibiwa kwamba hugawana ile ile moja. Alikwenda kuitafuta leso, akaikunja mara nne, akahesabu vipande kwa kidole, kisha akaandika 1/16 daftarini. Nilimuuliza amejuaje, akaanza kunieleza tangu mkunjo wa kwanza, nami nikamsikiliza mpaka chai yangu ikapoa.