Sura Waliyoikata

Wapendwa, Tumsifu Yesu Kristo.

Neno la wiki hii ni Ezekieli 33:11: "Sikufurahii kufa kwake mtu mwovu, bali aghairi mtu mwovu, na kuiacha njia yake mbaya, akaishi." Nimelisoma nikimfikiria Mwingereza Anthony Burgess, mwandishi wa riwaya zaidi ya 30 na mtunzi wa muziki.

Alizaliwa Manchester mwaka 1917, katika familia ya Kikatoliki. Mwaka uliofuata, janga la mafua lilimchukua mama yake na dada yake wa pekee ndani ya siku chache. Baba alikuwa mpiga piano, na kijana naye alijifundisha piano mwenyewe. Hata alipopata jina kwa vitabu, alitamani watu wamwone mwanamuziki anayeandika riwaya. Alikuwa pia miongoni mwa walioandika filamu ya televisheni ya mwaka 1977 kuhusu Yesu wa Nazareti.

Mwaka 1944, Burgess akiwa jeshini Gibraltar, mkewe alishambuliwa na wanajeshi watoro gizani jijini London. Mimba ikatoka.

Tutulie hapo kidogo, maana mtu huyu ndiye aliyeandika riwaya ya A Clockwork Orange, mwaka 1962. Alex, kijana wa miaka 15, anapiga, anabaka, anaua, na anampenda Beethoven kuliko chochote. Serikali inamchoma sindano na kumlazimisha kutazama ukatili kwenye filamu, mpaka akiwaza tu kumpiga mtu tumbo linamchafuka. Beethoven naye hamsikilizi tena bila kuugua. Kasisi wa gereza anaumia kuliko wote: mtu asiyeweza kuchagua wema, anasema, si mtu tena.

Sura ya 21 ndiyo ya mwisho. Alex sasa ana miaka 18, dawa zimeshamtoka, na hakuna anayemlazimisha. Anatoa fedha mfukoni, na katikati ya noti inaanguka picha ya mtoto mchanga aliyoikata gazetini. Wenzake wanamcheka. Naye, kwa aibu, anaichana. Lakini ukatili umemchosha. Anataka mke, anataka mwana.

Mchapishaji wa Marekani aliikata sura hiyo. Filamu ya mwaka 1971 ikafuata toleo lililokatwa, na kwa zaidi ya miaka 20 Wamarekani wakamsoma Alex asiyebadilika kamwe.

Kama kuna aliyekuwa na sababu ya kuikata, ni Burgess mwenyewe. Kanisani alikuwa ameacha kwenda tangu ujana, na kama aliwasamehe wale wanajeshi, Mungu anajua. Lakini sura aliiandika. Mimi hili linanigusa sana, kwa sababu sisi tunaoshiriki Meza ya Bwana tunakata sura ya mwisho ya maisha ya watu kila Jumapili. Kijana aliyetoka gerezani anaingia, anakaa benchi la nyuma, na mkono wa aliye jirani yake unauvuta mkoba karibu. Hajafungua hata kitabu cha nyimbo.

Anania wa Damasko alikuwa na habari zote za Sauli, na alimwambia Bwana waziwazi mabaya mengi aliyowatenda watakatifu wa Yerusalemu. Hakuambiwa kwamba habari hizo ni za uongo. Aliambiwa aende. Akaenda, akaingia nyumbani, akamwekea mikono, na neno lake la kwanza likawa "Ndugu Sauli" (Mdo 9:17).

Jumuiyani wiki hii, kila mmoja amtaje katika sala mtu mmoja ambaye sura yake tumeikata, kwa jina lake la ubatizo.