Jike au dume?

Saa 10:40 alfajiri

Simu ya saa hizi haina salamu ndefu. "Daktari, miguu imetoka, kichwa hakionekani." Mzee alipomaliza kueleza nilikuwa nimeshavaa buti moja. Ndama anayetanguliza miguu bila kichwa mara nyingi amekikunjia ubavuni, na kila mama yake anavyosukuma ndivyo anavyozidi kumbana.

Kazi yenyewe ni ya kinyumenyume: unamrudisha ndama ndani ili upate nafasi ya kumtoa. Nilisukuma, nikasubiri uchungu upite, nikaipapasa shingo, nikapitisha kamba nyuma ya masikio na kukivuta kichwa taratibu mpaka pua ikakaa juu ya magoti. Dakika 35. Alitoka amelegea kama nguo iliyolowa. Nikamtekenya tundu la pua kwa ujiti wa nyasi, akapiga chafya, na mimi nikakaa chini palepale kwenye majani.

"Jike au dume?" mzee akauliza.

"Dume, mzee."

Akazima taa. Kulikuwa hakujapambazuka bado.

Saa 12 asubuhi

Nikabaki kumsubiri ndama asimame. Mama yake alikuwa anamlamba kwa ulimi wa kukwaruza, wa haraka, huku akitoa ule mgurumo wa chini ambao ng'ombe huutoa kwa mtoto wake tu. Miaka kumi na tisa ya kazi hii na bado ule mgurumo hunisimamisha.

Wapo watu wazima, wenye elimu zao, wanaodhani ng'ombe hutoa maziwa kwa sababu tu yeye ni ng'ombe. Hapana. Hutoa kwa sababu amezaa. Hubeba mimba ya miezi tisa na siku chache, huzaa, hukamuliwa miezi kumi hivi, na hata kabla ya mwezi wa nne mara nyingi ameshahimilishwa tena ili mzunguko usikatike. Kila mzunguko una ndama, na nusu ya ndama ni madume. Dume wa mbegu ya maziwa hatakamuliwa kamwe, wala hanenepi haraka kama wa mbegu ya nyama. Ni mgeni aliyefika kwenye karamu ambayo kadi zake zimeandikwa jina la dada yake.

"Mpe dang'a lita tatu," nikamwambia mzee. "Kabla hajatimiza saa sita tangu azaliwe."

"Dume naye?"

"Dume naye. Utumbo wake unapokea kinga iliyomo kwenye maziwa hayo ya kwanza ya mama kwa siku moja tu, halafu mlango unafungwa."

Akaitikia kwa kichwa, itikio la heshima, lisilo na ahadi ndani yake. Yeye hutenganisha mama na mtoto siku hiyohiyo. Nimebishana naye mara nyingi, na nakiri kwamba ana hoja: ukiwatenganisha mapema kelele ni chache, ukiwaacha wakazoeana kilio cha kuachana huwa kikubwa zaidi. Ila hoja hiyo ina kasoro yake. Kusema kwamba uchungu ni mdogo kwa kuwa upendo haukupewa muda wa kukua ni kauli ambayo sijui mtu angeitamka vipi mbele ya binadamu mwenzake. Na ndama anayenyonya kwa mama yake hukua upesi kuliko wa ndoo. Hilo mzee analijua kuliko mimi.

Saa 2 asubuhi

Nyumbani, maji ya moto, chai. Ya maziwa. Naandika hivyo makusudi, kwa sababu mayai niliacha miaka sita iliyopita na maziwa bado nakunywa, na kila anayejua huniambia nimeshika fimbo upande usiofaa. Subirini nifike kwa kuku.

Saa 3:15

Banda la kuku wa mayai, kuku 6,000, vizimba vya ghorofa tatu. Mwenye banda ananiita kwa sababu utagaji umeshuka na kuku wanadonoana mpaka damu.

Kabla sijagusa chochote nina mazoea ya kusimama kimya dakika kumi. Kuku wengi hutaga asubuhi, kwa hiyo saa hizi ndipo utaona kitu ambacho alasiri hukioni. Kuku anayekaribia kutaga hutafuta mahali: pamejificha, pana giza kidogo, pana kitu cha kuparaparua. Katika kizimba hapana. Basi yule niliyemtazama akawa anapiga hatua mbili, ukuta. Anageuka, hatua mbili, migongo ya wenzake. Anajipenyeza chini ya mwenzake, anakanyagwa, anatoka. Dakika zote kumi. Mwisho akataga amesimama juu ya waya, yai likabingirika mbele kwenye mfereji, na yeye akabaki anaangalia pale lilipokuwa.

Mwaka 1965, kamati iliyoundwa na serikali ya Uingereza chini ya Profesa Brambell ilisema mnyama wa kufugwa apate angalau nafasi ya kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Madai madogo hayo, wala hakuna anayedai kuku apewe bustani. Nikayapitisha moja moja mbele ya kile kizimba. Kunyoosha bawa, hapana. Kugeuka, ndiyo, kwa kumkanyaga mwenzake. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku vizimba vitupu kuanzia Januari 1, 2012, na ukaruhusu vile vyenye kiota na kichanja, sentimita za mraba 750 kwa kila kuku. Chukua karatasi ya kawaida ya kuchapishia, ile ya A4: ina 624. Ushindi ulioshangiliwa ulikuwa karatasi moja na kipande.

Wafu wa usiku walikuwa wanne. Nikampasua mmoja. Mfupa wa kidari ulikuwa umevunjika mara mbili, moja ya zamani ikiwa imeungana vibaya. Hapa si kizimba peke yake kilichofanya kazi. Kuku mwitu wa msituni, babu wa hawa wote, hutaga mayai kumi na kitu kwa mwaka, ya kutosha kulea vifaranga basi. Huyu hutaga 300. Kila ganda lina gramu 2 za kalsiamu, na mifupa yake yote kwa pamoja ina gramu 20 na kitu. Chakula hulipa sehemu kubwa, lakini usiku ganda linapojengwa na tumbo limepungukiwa, mwili hukopa kwenye mifupa. Anakopa karibu kila siku, na deni analilipa kwa kidari. Mtoe huyo kuku umpeleke kwenye uwanja wenye nyasi na jua. Utakuwa umemtoa gerezani, lakini gereza lingine ameumbiwa ndani.

"Nikate midomo?" mwenye banda akauliza.

Mdomo wa kuku si kucha. Una neva mpaka karibu na ncha, ndiyo mkono wake na ndiyo jicho lake la pili. Nikamwambia apunguze mwanga, arekebishe hewa (macho yangu yalikuwa yanawasha kwa amonia), aongeze nyuzinyuzi kwenye chakula, na akiweza kundi lijalo alifuge chini kwenye maranda, na viota na fito za kulalia.

"Daktari, unataka niwajengee hoteli?"

Si mtu mbaya. Anamjua kila fundi wake kwa jina la mtoto wake, na usiku wa joto kali nimemkuta yeye mwenyewe akinyunyizia paa maji. Anauza kwa watu wanaonyanyua trei, wanasoma bei, wanaweka kwenye kikapu. Na banda la chini nalo si pepo: likijazwa kupita kiasi kuku hurundikana pembeni na kukosa hewa, na kudonoana huenea kwa kundi zima badala ya kizimba kimoja. Nimeona vifo vingi zaidi kwenye mabanda huria yaliyosimamiwa vibaya kuliko kwenye vizimba. Lakini vifo ni kipimo kimoja tu. Gereza lenye vifo vichache linabaki gereza.

Saa 5:40

Kituo cha kutotolesha vifaranga, ukaguzi wa chanjo ya Marek, ugonjwa wa virusi wa kuku. Hapa ndipo nilipoachia mayai.

Vifaranga wa mbegu ya kahawia huzaliwa na rangi inayosema kila kitu: majike kahawia, madume manjano. Mtoto wa miaka mitatu angeweza kazi hii. Kijana aliye kwenye meza anachambua bila kuangalia mikono yake. Kahawia kulia, manjano kushoto. Kulia kuna chanjo, maboksi, safari. Kushoto kuna mashine ya visu, ambayo ikifanya kazi sawasawa huua kwa chini ya sekunde moja. Kwa macho ya kitabibu ni kifo chepesi kuliko vingi ninavyovishuhudia. Kinachonishinda ni hesabu. Makadirio ya dunia nzima ni madume bilioni 7 hivi kila mwaka. Ndugu wa kila kuku wa mayai unayemjua alikwenda kushoto, pamoja na ndugu wa wale kuku wanne wenye majina wanaozurura uani kwa rafiki yangu na kula kutoka kiganjani mwake.

Ujerumani imekataza tangu Januari 2022, na Ufaransa ikafuata. Siku hizi yai linaweza kupimwa jinsia likiwa bado linaatamiwa, na la dume likatolewa mapema. Naliona jambo jema. Ila halimgusi yule dada aliyebaki na deni lake la kalsiamu.

Sasa ile hesabu niliyoahidi wakati wa chai, ya kuacha mayai na kubaki na maziwa. Chukua watu 50, kila mmoja robo lita ya maziwa kwa siku. Ng'ombe mmoja wa lita 15 anatosha karibu wote, kwa hiyo kuna ng'ombe mmoja na ndama mmoja kwa mwaka. Wape watu haohao 50 mayai sita kwa wiki: kuku 52 hivi, na kaka zao 52 walioenda kushoto. Ndiyo maana huwa nanyamaza mtu anaponiambia kwa fahari kwamba ameacha nyama ya ng'ombe na sasa anakula mayai. Kwa kipimo cha idadi ya viumbe wanaoteseka, huenda amerudi nyuma.

Saa 8:20 mchana

Shamba kubwa la maziwa, ndama 14 wa kuchoma vishina vya pembe. Ganzi kwanza, pembeni mwa jicho inapopita neva, kisha kusubiri, kisha kugusa kwa sindano kuhakikisha, kisha chuma. Pamoja na sindano ya kutuliza maumivu, kwa sababu ganzi huisha baada ya saa mbili tatu na kidonda hakiishi.

"Daktari, tutamaliza kesho kwa mwendo huu," msimamizi akasema.

Nilimwacha aseme. Miaka yangu ya mwanzo nilichoma bila ganzi. Si mara moja, mamia. Nilifundishwa kwamba ndama husahau, na nilikubali kwa sababu ilinifaa kukubali. Ndama hasahau. Alinikimbia wiki nzima baadaye, na mimi niliandika kwenye daftari kwamba ni mkaidi. Hayo ndiyo madhambi ninayoyajua kwa harufu. Siku hizi kuna mafahali wasio na pembe, ukitumia mbegu zao kazi hii inakufa polepole, na sitaililia.

Saa 10 jioni

Ng'ombe wa miaka sita, kiwele kinauma, anachechemea mguu wa nyuma. Wa machinjoni wiki ijayo. Angeweza kufika ishirini. Nikamtibu ili aende asiumwe.

Saa 1 usiku

Binti wa kaka yangu yupo kwangu kwa likizo ya chuo. Hali chochote cha mnyama, anameza vidonge vya vitamini B12 kwa sababu nilimsimamia kidete juu ya hilo, na ananitazama ninavyoosha buti.

"Shangazi, wewe ni fundi wa gereza," akasema. "Unapaka mafuta bawaba."

Nikamwambia mlango unaolia humwumiza mfungwa pia. Akacheka, lakini hakuachia. Akaniletea al-Ma'arri, mshairi kipofu wa Shamu, Syria ya leo, aliyekufa mwaka 1057, ambaye hakula mayai wala hakunywa maziwa, akisema maziwa mama ameyakusudia mtoto wake. Miaka karibu elfu moja, akasema, na shangazi bado anapiga hesabu ya robo lita.

"Mayai uliacha kwa ajili ya wale wa manjano," akaendelea. "Wa leo alfajiri alikuwa rangi gani?"

Niliendelea kusugua buti.

Saa 3 usiku

Simu ya mzee.

"Mwanangu, nimempa. Lita tatu kamili, kwa chupa. Amesimama, ananifuata."

"Vizuri sana, mzee. Mwongeze nyingine usiku huu, na kesho asubuhi."

"Hayo nimeelewa." Nyuma yake nilimsikia ng'ombe akiita, na upande wa pili wa banda sauti ndogo ikimjibu. "Mimi nakuuliza baada ya hapo."